Mama Hana Ujuzi

Sindano za kwanza nilizoziona maishani mwangu zilikuwa spoku za baiskeli. Mama alizisugua kwenye jiwe siku mbili mpaka ncha ikawa ya mviringo, isimchome kidole wala isikwame kwenye uzi, na upande wa pili akachomeka kipande cha kandambili ili vitanzi visiteleze na kuanguka. Mbili kwa sweta, nne kwa soksi. Hiyo ilikuwa Nyarugusu, Kasulu, mwanzoni mwa 1997, ndani ya hema la shitingi ambalo mchana lilikuwa tanuru na usiku lilitutonea maji usoni. Tulitoka upande wa Fizi, tukavuka ziwa usiku, tukashukia Kigoma, tukapandishwa lori. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alibeba mdogo wangu mgongoni, sufuria moja, na sweta la baba ambalo baba hakulihitaji tena.

Sweta lile ndilo la kwanza alilolifumua.

Ninyi mnaosoma jarida hili wengi mnajua baridi ya Kasulu mwezi wa sita na wa saba. Sisi watu wa kando ya ziwa hatukuijua. Mdogo wangu alikuwa anakohoa. Mama alikaa mlangoni, akageuza sweta ndani nje, akatafuta mshono wa bega, akaukata uzi mmoja kwa meno, akavuta. Safu baada ya safu, sweta likaanza kupotea kuanzia shingoni kwenda chini, na uzi ukawa unatoka umejikunjakunja kama nywele zilizofunguliwa misuko. Nililia. Nikamwambia, "Mama, unamuharibu baba." Hakunijibu. Alizungusha uzi kati ya kiwiko na kiganja, akaosha, akautundika kwenye kamba na jiwe limening'inia chini ili unyooke. Baada ya siku nne mdogo wangu alikuwa na sweta, mimi nina kofia, na kulikuwa na donge dogo lililobaki ambalo mama alilificha na sijui lilikwenda wapi.

Nimeanza hapo, lakini siyo hadithi ya baba ninayotaka kuandika. Ninataka kuandika historia ya kazi ile ya mikono, kufumua na kusokota na kufuma ndani ya hema, kwa sababu kuna mtu aliandika kwamba siyo kazi.

Miaka michache baadaye shirika moja lilipita kuandikisha ujuzi wa watu. Kulikuwa na meza, daftari kubwa, na foleni. Waliokuwa na ujuzi wangepewa vifaa. Mama alijitayarisha, akavaa kitenge kizuri, akabeba soksi mbili kama ushahidi. Nilisimama nyuma yake.

"Ujuzi?" karani akauliza.

"Minafumaga triko."

"Una cheti?"

"Hapana."

"Mashine?"

"Ni mikono tu, baba."

Kwenye safu ya ujuzi akaandika *Hana*. Nilikuwa nimeshajua kusoma. Mama hakujua kusoma, akaniuliza njiani ameandika nini, nikasema ameandika triko. Huo ni uongo wangu wa kwanza mkubwa kwa mama na leo ndiyo naukiri. Vifaa vilipofika jina lake halikusomwa. Alidhani karatasi imepotea.

Basi mambo yalikaa hivyo, mpaka akaja mwalimu mmoja mzungu, mama mtu mzima aliyestaafu, aliyekuja kwa miezi michache kusaidia masomo ya Kiingereza. Nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake na nilimtafsiria kwa Kiswahili alipotembea kwenye nyumba za watu. Wakati huo tulishatoka kwenye shitingi, tuna nyumba ya matofali ya udongo. Alipofika kwetu alimkuta mama anasokota. Kwa sababu uzi wa mitumba mara nyingi ni mwembamba, mama alikuwa akichukua nyuzi mbili na kuzipota kuwa moja. Kifaa chake kilikuwa spoku nyingine, na kizito chake ni duara lililokatwa kwenye soli ya kiatu. Alikiita mzunguko. Unaufunga uzi juu, unazungusha kwa vidole, unakiachia kining'inie. Kinazunguka chenyewe, na msokoto unapanda juu kwenye uzi mpaka kwenye vidole vyako.

Yule mwalimu alisimama, akafungua mkoba wake, akatoa mzunguko. Wa mbao, mzuri, umepakwa mafuta, lakini ni kitu kile kile. Kijiti na kizito. Mama akautazama, akautazama mwalimu, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Huyu naye amekimbia wapi?"

Nilitafsiri. Mwalimu akacheka, akaeleza. Kwao, watu wakipata likizo hufunga hema na magodoro kwenye gari, wanazunguka nchi, leo wanalala huku, kesho kule. Kuna viwanja maalum, vina maji na vyoo, unalipa kwa usiku. Yeye na mumewe walifanya hivyo miaka mingi, mpaka visiwa vya kaskazini kabisa ya Scotland, na mvua ikinyesha yeye hukaa mlangoni mwa hema akisokota sufu au akifuma soksi. Gurudumu kubwa la kusokotea analiacha nyumbani, halienei garini.

Mama alisikiliza yote. Kisha akaanza kuuliza, na mimi katikati nikawa sijui nicheke au nione haya.

"Wanalipa pesa ili walale hemani?"

"Ndiyo."

"Na nyumba wanazo?"

"Wanazo."

"Na choo ni cha foleni?"

Mwalimu akafikiri. "Asubuhi, ndiyo, kuna foleni."

Mama alicheka mpaka akaweka mzunguko chini na kushika ubavu. Majirani wakaja kuuliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Kisha mama akajifuta macho, akauliza swali la mwisho kwa sauti nyingine: "Na wakichoka je?"

"Wanakunja hema, wanarudi nyumbani."

"Ee," mama akasema. Akaokota kazi yake.

Sikulisahau jibu lile. Miaka ilipita, nikapata simu, nikapata vitabu, nikaanza kutafuta: ni nani aliyeanza huu mchezo wa kulala hemani kwa raha? Nilitegemea kukuta tajiri fulani. Nikakuta fundi cherehani.

Aliitwa Thomas Hiram Holding, fundi wa nguo wa London. Mwaka 1901 alianzisha chama cha watu wanaosafiri kwa baiskeli na kulala mahemani, na kambi yao ya kwanza ilikuwa na watu sita tu. Mwaka 1908 akatoa kitabu kinene cha mafundisho ya kupiga kambi, ambacho waandishi wa historia ya mambo haya wanakihesabu kama mzizi wa likizo za mahemani huko Uingereza. Kwa kuwa alikuwa fundi, alijua vitambaa. Alishona mahema mepesi ya hariri yanayoingia kwenye mzigo wa baiskeli. Lakini kilichonisimamisha ni utoto wake. Mwaka 1853, akiwa na miaka tisa, alivuka mbuga za Marekani na wazazi wake katika msafara wa magari ya kukokotwa na ng'ombe, watu wanaohama na vyombo vyao, wanalala kambini wiki baada ya wiki. Miaka tisa, umri wangu. Sidai kwamba safari yake ilikuwa kama yetu. Ila huyu aliyewafundisha wenzake kulala nje kwa starehe alijifunza kulala nje kwa kuhamishwa, mtoto asiyeulizwa.

Na katika misafara ile ya Marekani wanawake walifuma. Shajara zao zimebaki na zinasema hivyo: juu ya gari linaloyumba, na jioni kwenye moto. Soksi zinaisha njiani, na soksi ni kazi inayoingia mfukoni.

Hapo ndipo palipo na siri ya mambo haya yote, na ni siri ya ufundi tu: ukubwa wa kifaa. Mtambo wa kufumia nguo unataka nyumba, au angalau nguzo mbili ambazo kesho zitakuwa hapo hapo. Gurudumu la kusokotea linataka sakafu. Mzunguko na sindano vinataka mikono. Kwa hiyo kila mahali ambapo watu wako mguuni utavikuta. Katika milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, wanawake husokota wakitembea nyuma ya mifugo hadi leo, mzunguko unacheza pembeni mwa goti. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika nchi ya Landes iliyokuwa majimaji, wachungaji wa kiume walisimama juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni ili waone kondoo mbali, na wakiwa huko juu walifuma soksi. Wanaume, ndiyo. Kaka zangu wanaonicheka nikishika sindano waende wakatazame picha zao.

Gandhi naye alilijua tatizo la gurudumu. Alitaka kila Mhindi asokote pamba yake, lakini gurudumu halibebeki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati Waingereza walipomfunga katika gereza la Yerwada, alitengeneza gurudumu linalokunjwa na kufungiwa ndani ya kisanduku kama cha vitabu. Wasafiri wa leo wanaopenda kusokota pamba huchukua kisanduku cha namna hiyo garini. Kimetoka gerezani, wanakifungulia ufukweni.

Lakini ni visiwa vya yule mwalimu vilivyonishika zaidi. Vinaitwa Shetland. Picha za zamani za huko zinaonyesha wanawake wamebeba mgongoni vikapu vikubwa vya udongo mweusi unaochomwa kama kuni, njia nzima, na mikono yao iko mbele inafuma. Wanavaa mkanda wa ngozi wenye kitufe kilichojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Sindano moja inachomekwa tunduni ikae imara, hivyo mkono mmoja unapata uhuru. Hawakuwa wanapumzika. Walikuwa wanafanya kazi mbili kwa mara moja, kwa sababu moja haikutosha.

Na malipo? Wafanyabiashara wa Shetland walichukua masweta na shali zao na kuwalipa kwa bidhaa za duka hilo hilo, chai, vitambaa, bila pesa taslimu, na bei wanaiweka wao. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba serikali ya Uingereza ilituma uchunguzi, na ripoti yake juu ya Shetland ilitoka mwaka 1872. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilimwona mama analipwa sabuni. Kofia ya mtoto mchanga, kipande cha sabuni. Sweta la mtoto, vikombe kadhaa vya maharage, na kama mnunuzi ni mjanja maharage yana wadudu. Mama hajashika pesa ya triko mara nyingi. Na hakuna tume iliyokuja kumuuliza.

Nimesema ufumaji wa sindano kana kwamba ni kitu cha wazungu. Hata mama alidhani hivyo. Aliniambia, "Triko ni ya Wabelgiji, sisi tulipewa." Kwa upande mmoja ana haki. Bibi mzaa mama alijifunza Usumbura, Bujumbura ya leo, katika miaka ya 1950. Wabelgiji walikuwa na vituo walivyoviita *foyer social*, ambapo wanawake wa mjini walifundishwa kupika, kupiga pasi, kushona, kuweka viraka na kufuma, ili wawe wake wanaofaa kwa waume wenye kazi za ofisi. Bibi alikwenda, akajifunza, akarudi upande wetu wa ziwa na sindano za chuma za kweli, akamfundisha mama. Sindano zile zilibaki kwenye nyumba iliyochomwa.

Lakini Wabelgiji walitoa wapi? Ukifuata uzi nyuma unafika Afrika. Vipande vya zamani kabisa vya ufumaji huu wa sindano vinavyojulikana vimetoka Misri ya enzi za Waislamu, soksi za pamba, nyeupe na buluu, zenye mapambo ya hesabu kali. Kutoka dunia ile ufundi ulivuka mpaka Hispania: katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki 1275, kulikutwa mto uliofumwa kwa vitanzi vidogo mno, kazi ya mafundi Waislamu, pembeni mna maandishi ya Kiarabu. Baadaye ndiyo Ulaya nzima ikavaa soksi. Kwa hiyo kazi hii ilitoka kwenye bara hili kwa miguu, ikazunguka Ulaya miaka mia kadhaa, ikarudishwa Usumbura na Mbelgiji aliyedhani ni yake. Nilimweleza mama hivyo. Akasema, "Kumbe na yenyewe ilirudishwa kwao."

Kusokota ni kwetu bila mzunguko wowote wa maneno. Kilwa, pale Neville Chittick alipochimba katika miaka ya 1960, vilipatikana vizito vingi vya mizunguko vilivyotengenezwa kwa vigae. Chungu kimevunjika, unachukua kigae, unakisugua kiwe duara, unatoboa katikati, unachomeka kijiti. Mama na soli ya kiatu. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo za mji ule zilisafirishwa hadi Misri. Na huku bara kwetu, wasafiri Wazungu waliofika Unyamwezi na Ujiji miaka ya 1857 na 1858, kina Burton na Speke, walikuta watu wanalima pamba, wanaisokota kwa mkono na kuifuma nguo nzito. Ufipa, kusini ya hapa tulipo, mitambo ya kufumia pamba ilidumu mpaka karne ya 20.

Njia ile ya Burton ndiyo hii hii yetu. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo wapagazi walilala kwenye maboma ya miti na nyasi, na Burton alipoandika kitabu chake aliyaita mahali hapo kwa neno la wapagazi wenyewe: kambi. Kwa hiyo tulikuwa na kambi huku miaka arobaini kabla ya fundi Holding kukusanya watu wake sita. Mzigo wa wapagazi wengi ulikuwa nguo, hasa merikani, pamba ngumu isiyopakwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts. Ilikuwa ndiyo pesa. Chakula kilinunuliwa kwa mikono ya merikani, hongo ililipwa kwa doti, na doti moja ni mikono minane. Nguo ikija imeshafumwa, kwa wingi namna hiyo, anayekaa kusokota nyumbani anaanza kuonekana mjinga. Kidogo kidogo mizunguko ikawekwa chini. Ndiyo maana bibi yangu, mjukuu wa watu waliosokota, alikaa darasani Usumbura akifundishwa uzi ni nini.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya niandike: kufumua.

Hapa kambini watu walimcheka mama kwa kufumua. Kufuma ni sawa, lakini kununua sweta kuukuu sokoni na kulivuruga, wakaona ni umaskini wa kupindukia. "Mama wa viraka," wakamwita. Na mimi, niseme kweli, niliona haya. Kisha nikasoma habari za Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 juu ya watu wa Sofala. Waislamu wa mji ule walikuwa na pamba yao na walifuma nguo nyeupe, lakini rangi hawakuwa nayo. Wakafanyaje? Walinunua vitambaa vya buluu vilivyoletwa na majahazi kutoka Cambay, Gujarat, wakavifumua uzi kwa uzi, wakaukusanya uzi ule wa buluu, wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Na Pate, mji uliosifika kwa nguo za hariri, Wareno waliona jambo hilo hilo: hariri ya ng'ambo inafumuliwa na kufumwa upya kwa namna inayopendwa na watu wa pwani, na watu wenye vyeo ndio walioivaa.

Nilisoma mara tatu. Wale hawakufumua kwa sababu ya umaskini peke yake. Kitambaa kilichokuja hakikuwa walichokitaka; walichokitaka kilikuwa ndani yake. Hivyo ndivyo mama anavyoliangalia sweta sokoni. Nimekwenda naye mara nyingi na nimemwona. Kwanza halitazami upande wa mbele. Anageuza, anatazama mishono ya ubavu. Kama kando zimekatwa kwa mashine na kuzungushiwa uzi mwingi wa kushonea, analirudisha, hata likiwa zuri namna gani, kwa kuwa ukilifumua utapata vipande vifupi, kila safu imekatika. Kama kando ni nzima na vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja tu, hilo ni la kununua. Halafu anavuta kidogo aone kama uzi umeshikana kwa kufuliwa na maji ya moto, uliogandana haufunguki. Halafu anapima uzito kwa mkono. Sweta moja la mzungu mnene, anasema, ni masweta matatu ya watoto na kofia juu.

Na kuna jambo la msokoto. Uzi wa kiwandani umeshasokotwa upande mmoja. Ukitaka kuunganisha nyuzi mbili ziwe moja, lazima uzungushe upande wa kinyume. Ule wa kwanza unalegea kidogo, ule wa pili unakaza, na zote mbili zinashikana na kutulia. Ukizungusha upande ule ule, uzi unajipinda wenyewe na soksi itakaa upande. Yule mwalimu alimuuliza mama alifundishwa na nani kuzungusha kinyume. Mama akasema hakufundishwa. "Ukiuzungusha upande ambao umeshachoka, uzi unakasirika." Mwalimu akaliandika kwenye daftari lake. Alisema yeye alilipia mafunzo ya siku mbili kujifunza hilo.

Siku alipoondoka alimwachia mama mzunguko wake wa mbao. Mama alishukuru, akautumia juma moja, akasema ni mwepesi mno, hauna nguvu. Akabandika donge la nta chini yake. Sasa unafanya kazi.

Mwaka jana kulikuwa na uhakiki tena. Nilimpeleka mama, amezeeka, magoti yanamsumbua. Kwenye dawati alikuwepo binti mdogo, mpole, akaamkia, "Shikamoo mama," akampa kiti. Mbele yake hakuna daftari siku hizi, kuna kompyuta.

"Ujuzi wako ni upi mama?"

"Kufumua," mama akasema.

"Kufuma?"

"Kufumua kwanza, halafu kusokota, halafu kufuma. Andika yote tatu."

Binti akatazama kioo chake, akatafuta juu, akatafuta chini. Akaniangalia mimi kwa kuomba msaada. "Kaka, humu inakubali moja tu, na hiyo haimo." Akabonyeza. Tukapewa karatasi, tukatoka nje.

"Ameandika nini?" mama akauliza.

Safari hii nilimsomea. "Ameandika *Ushonaji*."

"Mimi sishonagi," mama akasema.

Akakaa chini ya mwembe kupumzisha magoti. Kwenye mfuko wake alikuwa na sweta la kijani tulilolinunua asubuhi, la mtu mrefu, mishono yake mizuri. Akaligeuza ndani nje, akatafuta bega kwa vidole bila kutazama, akaukata uzi kwa meno. Akanipa ncha nishike.

"Rudi nyuma pole pole," akasema, "usivute kwa hasira."